Ahadi milioni 25, deni milioni 7: nani analipia harusi zetu?

Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya harusi, tulikaa wanne nje ya baa moja Sinza, Dar es Salaam, daftari la kamati likiwa katikati ya meza. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu ambayo nilikuwa nimeshaijumlisha mara mbili: ahadi 25,400,000, zilizoingia 17,150,000, baki 8,250,000. Bajeti tuliyoipitisha ilikuwa milioni 24, na vyote vilikuwa vimeshaagizwa. Mama wa chakula alikuwa ametuma ujumbe wa tatu siku hiyo: kama hajapata nusu yake iliyobaki kufikia Ijumaa saa nne asubuhi, habandiki sufuria.

Mwenyekiti akapiga simu kwa watu sita. Wawili hawakupokea, watatu wakasema mshahara haujatoka, mmoja akatuma elfu 50 kati ya laki 3 alizoahidi. Bwana harusi akainuka, akaenda kusimama pembeni kwenye giza la maegesho, simu sikioni. Alirudi baada ya dakika kama ishirini, akaniambia, "Kaka, kesho asubuhi hela yote itakuwepo. Usiwaze."

Na kweli ilikuwepo. Milioni 6 na elfu 850 ziliingia, harusi ikafana, watu wakala na kunywa mpaka saa sita usiku, kamati tukapongezwa kwa matarumbeta. Mimi pia nilijipongeza. Ni miezi mitano baadaye, alipokuja nyumbani kuniomba nimwazime laki 2, ndipo nilipojua hela ile ilitoka wapi. Milioni 5 ilikuwa mkopo wa mshahara aliochukua benki mwanzoni mwa mwezi bila kumwambia mtu. Milioni 2 nyingine aliipata Ijumaa ile asubuhi kwa mkopeshaji wa mtaani, kwa asilimia 20 kwa mwezi, akaacha kadi yake ya benki na namba ya siri kama dhamana.

Nimeikumbuka habari hiyo hivi karibuni kwa sababu ya mpwa wangu anayeishi Texas. Anaoa mwakani, na kule hakuna kamati wala kadi za mchango. Alinipigia simu, akanisalimia, kisha akaniuliza moja kwa moja: "Mjomba, nikilipia harusi kwa kadi ya mkopo nitakuwa nimekosea?" Nilitaka kumjibu haraka kwamba ndiyo, amekosea. Nilipokaa na hesabu zake na kuziweka kando ya hesabu za daftari langu la Sinza, nikaona jibu langu la haraka halikuwa la haki. Sisi tunaofanya harusi za michango tumezoea kuwaonea huruma wanaofanya harusi za kadi, na wakati huohuo tunaanzisha ndoa kwa mikopo ya bei mbaya kuliko ya kwao.

Tuanze na ya kwake, kwa kuwa ndiyo iliyo wazi zaidi. Marekani, tangu mwaka 2023, riba ya wastani ya kadi za mkopo imekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Mpwa wangu alikuwa anafikiria dola 8,000, na kadi yake inatoza asilimia 22. Akilipa zote ndani ya muda wa neema, kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, halipi riba hata senti. Asipoweza, mwezi wa kwanza tu riba ni kama dola 147. Akiamua kulipa dola 230 kila mwezi bila kukosa, deni litamchukua miezi 56, na mpaka amalize atakuwa ametoa karibu dola 12,850 kwa harusi ya dola 8,000. Akilipa dola 400 kwa mwezi, anamaliza kwa miaka miwili na mwezi mmoja hivi, na jumla inakuwa kama dola 10,060. Na akiwa mtu wa kulipa kima cha chini pekee, kile kinachopungua kadiri deni linavyopungua, atakuwa analipia keki ya harusi mpaka mtoto wake wa kwanza awe anamaliza sekondari.

Hesabu hizo sikuzivumbua mimi kwa ujanja. Sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009 inazilazimisha benki za Marekani kuandika kwenye kila taarifa ya mwezi kwamba ukilipa kima cha chini tu utachukua muda gani kumaliza deni na utakuwa umelipa jumla ya kiasi gani. Mtu anaweza kuipuuza. Lakini imeandikwa, ina jina lake, na inakuja kila mwezi.

Kadi ina jambo jingine jema ambalo huku kwetu hatulizungumzi. Uingereza, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya walaji ya mwaka 1974 kinasema ukinunua kwa kadi ya mkopo kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, mwenye kadi anaweza kuidai benki yake kama muuzaji ameshindwa kutimiza. Ukumbi ukifilisika wiki moja kabla ya harusi, mpiga picha akiingia mitini, hela yako ina mahali pa kudaiwa. Sisi tunampa mwenye ukumbi malipo ya awali, tunapewa stakabadhi iliyoandikwa kwa kalamu, na akibadilisha tarehe kwa sababu kampuni fulani imelipa zaidi, tunabaki tunatumiana watu wa kumbembeleza. Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu: kulipia kwa kadi sina tatizo nako. Kama hizo dola 8,000 unazo kwenye akaunti, lipa kwa kadi, pata ulinzi unaotolewa na kadi za huko kwenu, kisha ulipe kadi mwezi huohuo. Shida ni pale unapolipa kwa kadi kwa sababu huna. Hapo kadi imeacha kuwa njia ya kulipia, imekuwa mchangiaji. Na huyo ni mchangiaji ambaye hatakuja kwenye sherehe ila atakuja nyumbani kwako kila mwezi.

Sasa turudi kwenye daftari la Sinza.

Yule bwana harusi wetu, mkopo wa benki wa milioni 5 kwa asilimia 17 kwa mwaka, miezi 36, unamkata karibu shilingi 178,000 kila mwezi. Mpaka aumalize atakuwa amelipa kama milioni 6 na laki 4. Huo ndio mkopo wake mzuri. Ule wa mtaani wa milioni 2 ulimtaka laki 4 kila mwisho wa mwezi, riba tupu, deni lenyewe likiwa palepale. Ulimchukua miezi minne kupata milioni 2 ya kuukata. Milioni 1 na laki 6 za riba kwa miezi minne! Mpwa wangu akikopa kiasi hichohicho kwa kadi yake ya asilimia 22 na kukirudisha baada ya miezi minne, riba itakuwa kama laki 1 na nusu tu.

Wala huyo wa mtaani si wa peke yake. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, wale wenye leseni chini ya sheria ya mwaka 2018. Zidisha kwa 12 upate asilimia 42 kwa mwaka. Hiyo ni riba halali, ya mkopeshaji anayefuata sheria, na tayari ni karibu mara mbili ya ile inayowaliza Wamarekani. Kenya, mkopo wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30; ukiurudia kila mwezi kwa mwaka mzima ni asilimia 90. Chini zaidi kuna mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu, na ile ya programu za simu zinazonakili orodha yako ya namba na kumtumia mkwe wako ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Fikiria ujumbe wa namna hiyo ukimfikia baba mkwe wiki mbili baada ya fungate.

Kwa nini basi tunafika huko, wakati tuna kamati, tuna vikao nane, tuna watu 200 walioandika majina? Jibu langu, baada ya kuwa mweka hazina mara nne, ni kwamba kamati zetu zinapanga matumizi kwa ahadi. Ahadi tunaihesabu kama fedha. Katibu anasoma, "Mpaka sasa tuna milioni 19," watu wanapiga makofi, na kikao hichohicho kinaongeza mapambo ya laki 8. Ukiangalia daftari, iliyoingia ni milioni 5. Ile milioni 14 nyingine ni mkopo ambao hakuna aliyeukopesha bado. Siku ikifika bila kuingia, mtu mmoja anatakiwa augeuze kuwa mkopo wa kweli, na mtu huyo huwa ni bwana harusi, kwa sababu ndiye pekee pale mezani ambaye hawezi kuondoka.

Sisemi waahidi ni waongo. Wengi nawafahamu, ni watu wema wanaotoka mbali kuja kuzika na kuozesha. Shida ni kwamba ahadi huwa zinaanguka pamoja. Harusi zetu zimesongamana kwenye misimu: Wakristo wanasubiri Kwaresima ipite, kwa hiyo baada ya Pasaka ni harusi juu ya harusi, kisha Desemba, Waislamu wanaoana kwa wingi kabla ya Ramadhani na tena ikishaingia mfungo mosi. Mtu mwenye mshahara mmoja anajikuta na kadi tano kwa mwezi huohuo, zote za watu asioweza kuwakatalia, na bibi harusi wa mmojawapo ana sendofu na kicheni pati zenye kamati zake. Anaahidi zote, analipa mbili. Msiba ukitokea katikati, analipa msiba, na yuko sahihi. Kwa hiyo pale kamati inapojifariji kwamba "tuna watu wengi, hawawezi kukosa wote", inakosea hesabu: watu ni wengi, lakini mfuko wanaochomoa ni uleule, mwezi uleule.

Halafu kuna hesabu ya kadi ya mwaliko yenyewe, ambayo sijawahi kuisikia ikifanywa wazi kikaoni. Tuseme dabo, yaani kadi ya watu wawili, ni laki moja. Sahani ya chakula ni elfu 25, vinywaji vya mtu mmoja elfu 12. Watu wawili wameshatumia elfu 74. Kinachobaki ni elfu 26, na hapo ukumbi, mapambo, muziki, mshereheshaji, picha na keki vyote vinangoja. Mgeni aliyelipa dabo yake yote amejilipia chakula chake na kuongeza kidogo. Mgeni aliyetoa nusu na kupewa kadi kwa sababu ya aibu, huyo analishwa na maharusi. Tunapoambiana "tuongeze kadi ili tuongeze michango", mara nyingi tunaongeza midomo. Harusi ile ya Sinza tuliongeza wageni 60 katika wiki tatu za mwisho kwa matumaini ya kuziba pengo. Nimeifanya upya hesabu yake: wale 60 walitugharimu zaidi ya walichotoa.

Na ahadi ikishapita siku ya harusi, imekufa. Katika ile baki ya milioni 8 na robo, ziliingia laki 9 na nusu baada ya sherehe, zote kutoka kwa wazee watatu wa kanisani. Hakuna mweka hazina mwenye uso wa kumpigia mtu simu Jumatatu na kumwambia amalizie ahadi ya harusi aliyokwisha kuicheza.

Kuna anayesema huo ndio utamaduni wetu, na kwamba kuchangiana ni utajiri ambao Wazungu hawana. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Bila michango, mwalimu wa shule ya msingi asingeweza kuwalisha watu 150 kwa siku moja, na raha ya kuona mtaa mzima umesimama kwa ajili yako haina bei. Baba yangu alioa kwa mchele uliochangwa kwa pishi na mbuzi aliyeletwa na mjomba. Ila angalia vizuri: pishi ya mchele ilikuwa mchele. Iliwekwa chini, ikaonekana, ikapikwa. Kama mchele ulikuwa mchache, wageni walikula kidogo, na hakuna aliyemtuma bwana harusi akakope magunia gizani. Tulichobadilisha ni kuandika mchele ambao haujaja na kuualikia watu.

Sheria wala dini hazitulazimishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mtoe taarifa ya kusudio siku 21 kabla, mashahidi, na ridhaa ya wawili; hakuna kifungu cha ukumbi. Katika Uislamu, Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima walau kwa mbuzi mmoja, na riba ni haramu, kwa hiyo walima ya mkopo wa riba inajipinga yenyewe kabla wali haujaiva. Januari 2017 huko Kenya, vijana wawili walifunga ndoa kwa shilingi 100 baada ya kuahirisha mara mbili kwa kukosa fedha. Picha zao zikasambaa na wasamaria wakawafanyia sherehe kubwa baadaye. Watu walisifu sherehe ile. Mimi nilichokipenda ni ujasiri wa siku ya kwanza, wakati hakuna aliyekuwa anatazama.

Wapo pia wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Francis na Mialon, waliowahoji watu zaidi ya 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa na kukuta kwamba matumizi makubwa ya harusi yaliambatana na ndoa fupi, huku harusi zenye wageni wengi zikiambatana na ndoa ndefu. Hilo halithibitishi kwamba keki ghali huvunja ndoa. Wanaotumia sana wanaweza kuwa na tofauti nyingine nyingi. Lakini linaendana na nilichokiona: mke wa yule bwana harusi alijua habari za mkopo kupitia ujumbe wa marejesho ulioingia kwenye simu ya mumewe akiwa kaishika ampigie mama yake. Alichoniambia hakikuwa kuhusu hela. Alisema, "Shemeji, nilivaa gauni la milioni moja na nusu nikijua limechangwa. Kama ningejua ni la kwetu wenyewe, ningekodi." Hakuna aliyempa nafasi ya kusema hivyo kabla.

Hapo ndipo kadi ya mpwa wangu inatuzidi. Deni lake lina taarifa ya mwezi na mchumba wake anaisoma pamoja naye. Deni letu limejificha ndani ya maneno ya heshima, halina riba iliyoandikwa wala tarehe, na anayekuja kulipa ni wawili ambao mmoja wao hakuwepo kwenye maegesho usiku ule.

Tangu siku hiyo nimekubali uweka hazina kwa masharti, na nimeshasikia nikiitwa mgumu. Sharti la kwanza, kikaoni inasomwa fedha iliyoingia tu; ahadi zinabaki ukurasa wa nyuma. La pili, wiki tatu kabla ya harusi tunafunga: kilichopo ndicho bajeti, na kitakachoingia baadaye wanakabidhiwa maharusi waanzie maisha. La tatu, bibi harusi au dada yake anaona daftari kila Jumapili. Mara ya kwanza kulitumia hili tulifuta gari la kukodi, tukapunguza kreti 40, tukahamisha sherehe kutoka ukumbini kwenda uwanja wa shule ya parokia na kuanza saa nane mchana badala ya usiku. Mwenyekiti alinuna wiki nzima. Baada ya tarehe ya kufunga ziliingia milioni 2 na laki 1, na wale vijana walilipa nazo kodi ya nyumba ya miezi sita na kununua jiko.

Jumapili ijayo tuna kikao cha pili cha kijana wa shemeji yangu. Ahadi ziko milioni 18, zilizoingia ni milioni 4 na laki 3. Mwenye ukumbi wa watu 300 anataka malipo ya awali mwisho wa mwezi, na katibu ameshanitumia namba yake ya kulipia. Sijalipa. Nimeshaongea na ukumbi mwingine Ubungo, wa watu 120, na nitaenda na bei yake kikaoni.